Usiku wa Sensa Ufuoni Sindo

Hesabu ya kitaifa iliyofanywa mahususi kwa ajili ya watu wa mitaani nchini Kenya ilitoa jumla ya watu 46,639. Ilifanywa mwaka 2018 na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, pamoja na Hazina ya Kurekebisha Familia za Mitaani, iliyoanzishwa mwaka 2003 wakati serikali mpya ya NARC ilipokuwa ikiwatoa vijana barabarani Nairobi na kuwapeleka kwenye mafunzo. Nairobi walipatikana 15,337, Mombasa 7,529, Kisumu 2,746. Kaunti hizo tatu peke yake zimebeba zaidi ya nusu ya wote.

Kila nikiipitia orodha hiyo, mawazo yangu hukimbilia mchanga ninaoujua mimi, ufuo wa Sindo, Suba Kusini, katika Kaunti ya Homa Bay. Siidharau hesabu ile. Nimekuwa karani wa sensa, najua jasho lililoko nyuma ya kila tarakimu. Lakini ufuo ule ulinifunza jambo ambalo jedwali haliwezi kulisema lenyewe: huwezi kujua ni wangapi wanaolala nje mpaka ujue usiku wao unavyokwenda.

Kwa asiyeijua, Sindo ni mji mdogo. Ukitoka Mbita kwa barabara inayoelekea Magunga na Sori, bonde la Lambwe likiwa upande wa kushoto na ziwa upande wa kulia, unafika kwenye soko, steji ya matatu, ofisi za serikali, makanisa na vibanda vya simu. Kisha kuna ufuo, ambao sisi huuita bichi tu, na huko ndiko pesa zinakotoka. Mbuta wapo, ngege wapo, lakini anayelisha nyumba nyingi ni omena, yule samaki mdogo ambaye Watanzania humwita dagaa na Waganda mukene.

Mama yangu alikuwa mchuuzi wa omena. Alinunua alfajiri mitumbwi ilipotia nanga, akaitandaza juu ya nyavu kuukuu mchangani, akaigeuza jua lilipopanda. Siku ya jua kali, jioni omena imekauka na kuingia gunia. Siku ya mawingu, inabaki pale pale, inafunikwa kwa karatasi ya nailoni, na mwenye mali hulala kando yake. Omena ikinyeshewa huishia kuwa chakula cha kuku, na bei yake huwa ya kuku pia. Kwa hiyo nimelala nje mara nyingi utotoni, mimi na mama na wanawake wenzake, tumejifunika leso, mmoja akikesha kuangalia mvua na wezi. Nyumba tulikuwa nayo, mwendo mfupi tu kutoka pale. Karani angepita usiku huo angetuandika nini?

Swali hilo lilinirudia miaka mingi baadaye, nilipovaa kizibao cha karani na kupewa kishikwambi. Sensa ya 2019 ilifanywa usiku wa Jumamosi tarehe 24 kuamkia Jumapili tarehe 25 Agosti. Serikali iliagiza baa zifungwe kuanzia saa kumi na moja jioni ili watu wakae majumbani. Kaya za kawaida zingehesabiwa kuanzia jioni hiyo na kuendelea kwa siku kadhaa, kwa kuulizwa ni nani waliolala humo usiku wa sensa. Lakini wageni wa hoteli, abiria walio njiani na watu wanaolala nje ilibidi wapatikane usiku ule ule, kwa sababu kukicha hawapo.

Nilipangiwa kupita sokoni na ufuoni. Mzee wa kijiji alitutangulia, lakini aliyetufaa zaidi alikuwa mlinzi wa injini za boti, mzee ambaye kila mtu humwita jaduong'. Kabla hatujaanza, aliitazama tochi yangu akatikisa kichwa.

"Nyathina, mwanangu, usimmulike mtu usoni. Mulika miguu."

Nikamuuliza kwa nini.

"Uso ukimulikwa unakimbia. Halafu mimi siwajui kwa sura. Nawajua kwa viatu."

Na kweli aliwajua. Pale chini ya meza ya muuza mboga palikuwa na jozi ya akala zilizokatika kisigino, akasema huyo ni wa tangu Pasaka. Penye banda la kupimia samaki palikuwa na patipati mbili zisizofanana rangi, akasema hao ni wawili, wamegawana jozi mbili ili kila mmoja azitambue zake zikiibiwa. Kilichotuvutia zaidi kilikuwa mtumbwi uliopinduliwa kwa ajili ya kutiwa viraka. Jaduong' alipiga ubao kwa kidole mara mbili, taratibu, kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya mtu mzima mwenzake. Kutoka chini ya mtumbwi kikatokea kichwa cha mvulana wa miaka kama kumi na miwili. Amelalia wavu, kichwani ameweka boya badala ya mto. Mchana huwasaidia wavuvi kuvuta mitumbwi na kulipwa omena ya kiganjani.

Nilimuuliza jina, akalitaja haraka, bila kusita. Nikaliandika. Tulipofika mbali kidogo jaduong' akacheka chinichini. "Hilo ni jina lake la kuwapa watu wenye kalamu."

Sikumlaumu mtoto. Sheria ya uzururaji tuliyorithi kutoka ukoloni ilifutwa mwaka 1997, lakini woga wake haukufutwa. Mtoto anayelala nje anajua kwamba watu wanaokuja usiku wakiwa na tochi na karatasi mara nyingi wanakuja kumwondoa. Kwake, kuhesabiwa na kukamatwa huanza kwa namna moja: mtu mgeni anakuuliza wewe ni nani na kwenu ni wapi. Ndiyo maana naamini kwamba nusu ya kazi ya kuwahesabu watu hawa hufanywa kabla ya usiku wenyewe, na hufanywa na watu kama jaduong', wasio na kizibao wala kishikwambi.

Kulikuwa na wengine waliolala nje usiku ule ambao hakuna mtu angewaita watu wa mitaani. Mlinzi mwenyewe, kwanza. Wanawake waliolinda omena yao, kama mama alivyofanya. Vijana wawili wa bodaboda waliolala juu ya pikipiki zao stejini wakingoja abiria wa alfajiri. Na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, siku ambayo wengi kwetu huzika, kulikuwa na boma moja lenye matanga. Pale watu walijaa chini ya hema na nje ya hema, wengine wamelala kwenye viti vya plastiki, wengine kwenye majani makavu, wametoka Kisumu, Migori na Nairobi. Wote hao walikuwa nje, na wote walikuwa na kwao.

Halafu kulikuwa na ziwa. Ukisimama ufuoni usiku wa giza, unaona taa za wavuvi wa omena zimetapakaa majini mpaka upande wa kisiwa cha Mfangano. Chini ya kila taa kuna mtumbwi, na ndani ya mtumbwi kuna watu. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, sasa ni taa za betri na za sola. Wengi wao si wa Sindo. Wapo wa Siaya, wa Busia, wa Migori, na wapo waliotoka Uganda na Tanzania. Wanafuata samaki: mwezi huu wako Nyandiwa, mwezi ujao Remba au Ringiti, baadaye Muhuru.

Mitumbwi ilipoanza kurudi alfajiri tulikuwa tunawangoja. Nikamwendea kijana mmoja aliyekuwa akikamua maji kwenye shati lake, nikamuuliza kwa adabu, "Ndugu, usiku wa kuamkia leo umelala wapi?"

Akanitazama kana kwamba nimemtania. "Dada, sikulala."

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akaongeza, "Muulize mchana analala wapi. Usiku hapo hana kitanda, ana wavu."

Mchana wanalala wapi? Wengine hukodi chumba kimoja kwa kundi zima. Wengine hulala chini ya mti, kwenye kivuli cha mtumbwi, au nyuma ya kibanda cha mama anayewauzia ugali. Swali la sensa lilikuwa zuri kwa mtu aliyekaa usiku mahali pamoja. Kwa mtu ambaye usiku wake ni kazi na mchana wake ni usingizi, lilihitaji kugeuzwa. Utaratibu wa sensa unalijua tatizo hili. Wavuvi, walinzi na wauguzi wa zamu ya usiku huhesabiwa kwenye kaya zao, maana wanatazamiwa kurudi huko asubuhi. Utaratibu huo unamtosha kabisa mvuvi mwenye mke na nyumba Sindo. Lakini mvuvi aliyeacha kaya yake Busia tangu wiki iliyopita, ambaye asubuhi hii anarudi kwenye kivuli cha mti, anategemea mambo mawili: mkewe amkumbuke kule, au karani amkute hapa. Anaweza kuandikwa mara mbili, na anaweza asiandikwe kabisa.

Siku zilizofuata jambo moja lilinikaa rohoni, nikachukua kalenda ya mwezi. Wavuvi wa omena hutegemea giza. Taa huwavuta samaki pale tu ambapo mbalamwezi haiishindi. Mwezi ukiwa mkubwa, mitumbwi hukaa nchi kavu, nyavu hushonwa, na wengi huenda makwao kuona watoto. Sasa, usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 mwezi ulikuwa kwenye kumi la mwisho, ukachomoza baada ya saa sita usiku, na ungezaliwa upya tarehe 30. Hilo ndilo giza la wavuvi. Isitoshe, huku kwetu omena hupumzishwa kisheria kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili izaane. Kwa hiyo Agosti ni mwezi wa kufungua. Watu waliokaa kimya miezi minne wote wanashuka majini pamoja. Sensa ilitukuta ufuo umefurika na wakazi wake wa muda wakiwa juu ya maji.

Nikarudi nyuma. Sensa ya 1999 nayo ilifanywa usiku wa 24 kuamkia 25 Agosti. Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili uwe mpevu, na ziwa lilikuwa jeupe. Sensa ya 2009 ilifanywa tarehe zile zile, mwezi ukiwa mchanga wa siku nne, ukazama mapema na kuacha giza. Tarehe ilikuwa ile ile, na mwezi haukuwa ule ule. Na sensa ijayo ikifuata desturi, usiku wa tarehe 24 Agosti 2029 mwezi utakuwa mpevu. Wavuvi wa omena waliokuwa majini mwaka 2019 watakuwa nchi kavu: wengine kwao, wengine wamelala ufuoni. Mchambuzi aliyekaa ofisini atailinganisha miaka hiyo miwili, ataona Sindo imepanda au imeshuka, na atatafuta sababu katika bei ya unga, ajira na sera. Sababu nyingine itakuwa juu ya kichwa chake.

Anayepanga sensa Nairobi hawezi kulaumiwa kwa kutotazama mbalamwezi ya Sindo. Tarehe moja kwa nchi nzima ina faida kubwa: si rahisi mtu kuhesabiwa mara mbili kwa kuhama, na miaka inaweza kulinganishwa. Ila tukumbuke kwamba usiku mmoja ni usiku mmoja. Watu wa mitaani Nairobi wana kalenda yao, ya mvua na misako. Ufuo una kalenda yake ya mwezi. Mji wa soko una kalenda ya siku ya soko, ambapo wachukuzi hulala juu ya magunia.

Miaka michache baada ya sensa nilisaidia kuhesabu mitumbwi. Nchi tatu zinazolizunguka ziwa, kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao Jinja, hufanya hesabu ya kila ufuo: wavuvi wangapi, mitumbwi mingapi, injini, nyavu. Tulipokuwa tukipumzika, mtaalamu mmoja wa samaki alinieleza wanavyokadiria samaki wasioweza kuhesabiwa mmoja mmoja. Njia hiyo ina jina la Mdenmark, C. G. Johannes Petersen, aliyeieleza mwaka 1896 alipokuwa akichunguza samaki bapa wa kwao. Unavua samaki, unawatia alama, unawarudisha majini. Baadaye unavua tena na kutazama wangapi kati ya waliovuliwa mara ya pili wana alama. Wenye alama wakiwa wengi, ziwa lina samaki wachache. Wakiwa wachache, samaki ni wengi.

Nilimwambia papo hapo: hii ndiyo ingetufaa kwa watoto wa chini ya mitumbwi. Akacheka, akasema watu walishaanza zamani. Tuseme usiku wa kwanza tumewapata watu 20 wanaolala nje Sindo. Usiku mwingine, kundi jingine la wahesabuji limepata 25, na 10 kati yao ni wale wale wa kwanza. Zidisha 20 kwa 25, gawanya kwa 10, unapata 50. Yaani tumewaona watu 35 kwa macho, lakini hesabu inatuambia kuna 15 hivi ambao hatukuwaona kabisa. Uzuri wa njia hii ni huo: inampa nafasi kwenye jumla mtu ambaye hakuna tochi iliyomfikia. Wala si lazima orodha zote mbili zitokane na kutembea usiku. Jaduong' ana orodha yake kichwani. Mama anayegawa uji kanisani ana yake. Zahanati ina yake. Ukizilinganisha kwa uangalifu, bila kuyaanika majina ya watu, unapata kitu.

Lakini njia hiyo ina masharti, na ufuo huyavunja moja baada ya jingine. Inataka watu wawe wale wale kati ya hesabu ya kwanza na ya pili. Sindo mwezi ukibadilika watu hubadilika. Inataka kila mtu awe na nafasi sawa ya kuonekana. Mtoto wa sokoni huonekana, msichana anayejificha nyuma ya nyumba ya mtu haonekani, na wasichana wana sababu nzito za kujificha. Inataka pia hesabu ya kwanza isiiharibu ya pili. Ukiwapa watoto mkate usiku wa kwanza, usiku wa pili watakuja wenyewe mbio, wale wale. Wanaojirudia wanakuwa wengi mno na jumla inatoka ndogo kuliko ukweli. Ukiwatisha, usiku wa pili wanatoweka, na jumla inatoka kubwa kuliko ukweli. Ukarimu wetu na ukali wetu vyote vinaingia kwenye hesabu.

Wenye fedha nyingi kutuzidi nao wamekwama hapo hapo. New York mwaka 2005 waliweka watu wao wenyewe barabarani, wamejifanya wasio na makao, ili waone kama wahesabuji watawafikia. Karibu vituo vitatu katika kila kumi vilirukwa. Uingereza huchukua usiku mmoja wa majira ya vuli, na halmashauri zinaweza kuhesabu au kukadiria. Mwaka 2024 walipata watu 4,667 kwa England peke yake. Marekani huhesabu siku za mwisho za Januari, na mwaka huo huo jumla yao ilikuwa 771,480, lakini wengi kati ya hao walikuwa ndani ya makao ya muda, si barabarani. India, katika sensa ya 2011, iliandika watu 1,773,040 wasio na nyumba. Ukiziweka tarakimu hizi pamoja na 46,639 yetu bila kuuliza kila nchi ilimhesabu nani, utadhani umelinganisha nchi, kumbe umelinganisha maswali.

Kuna jambo jingine ambalo usiku mmoja hauwezi kuliona, nalo ni mapito. Chukua ule mtumbwi uliopinduliwa. Kila usiku, karani atakuta mtoto mmoja chini yake. Tuseme kila mtoto hukaa hapo miezi miwili, kisha anapata kazi, anarudi kwa nyanya yake, au anapanda lori la samaki kwenda Kisumu, na mwingine anachukua nafasi. Kwa mwaka wamepita watoto sita. Hesabu ya usiku mmoja itasema mmoja, na haijadanganya. Anayepanga vitanda vya usiku huu anahitaji hiyo ya mmoja. Anayepanga kuwasomesha, kuwatibu na kuwarudisha kwao anahitaji hiyo ya sita. Tatizo ni kuchukua jibu la swali moja na kulitumia kwa jingine, na hilo nimeliona likifanywa na watu wasomi katika vikao vilivyo na chai na mandazi.

Mtu akiniuliza leo namna ya kukadiria wanaolala nje kwa nchi nzima, namjibu kwamba asichukue jiji moja akalizidisha. Agawanye nchi kwa aina za usiku. Miji mikubwa ni aina moja. Miji midogo ya barabara kuu, ambapo malori hulala, ni nyingine. Fuo za ziwa na za bahari ni nyingine. Kule kaskazini mwanafamilia hulala na ng'ombe chini ya nyota, naye yuko kazini na yuko kwao. Katika kila aina achague maeneo machache, ayahesabu vizuri, zaidi ya usiku mmoja, ndipo akadirie yaliyobaki na aseme wazi kwamba ni makadirio na yanaweza kupungua au kuzidi kwa kiasi gani. Kiwango cha mashaka kikiandikwa kando ya jumla, hesabu huwa na heshima zaidi.

Na kwa kila atakayepatikana nje, swali la "umelala wapi" lifuatwe na mengine matatu. La kwanza: ukitaka kulala ndani usiku huu, pa kwenda papo? Mama wa omena atasema papo. Mfiwa wa matanga atasema papo. Mtoto wa chini ya mtumbwi atanyamaza. La pili: mara ya mwisho ulilala chini ya paa lini? Hapo utamtenga aliyepitiwa na shida wiki hii na aliyeishi nayo miaka. La tatu: mwezi uliopita ulikuwa wapi? Hilo litakuonyesha njia wanazopita, kutoka kijijini hadi Sindo, kutoka Sindo hadi Kisumu. Watoto wengi wanaohesabiwa Kisumu hawakuanzia Kisumu. Wameanzia kwenye miji midogo isiyotajwa, na huko ndiko ambako msaada mdogo ungetosha.

Nasisitiza miji midogo kwa sababu ya fedha. Mgao wa kaunti hutazama idadi ya watu. Homa Bay ilihesabiwa kuwa na watu 1,131,950 mwaka 2019. Mvuvi wa Busia aliyekumbukwa na mkewe anaongeza mgao wa Busia, huku maji anayokunywa, choo anachohitaji na dawa anazomeza ni za Sindo. Mtoto asiyeandikwa popote hamwongezei mtu yeyote kitu. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na usafi wa kuridhisha. Haki hiyo haina sharti la kuwa mkazi wa jiji kubwa. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipopanda na kumeza nyumba za ufuoni sehemu nyingi za Nyanza, tuliona jinsi mtu wa nyumba anavyokuwa mtu wa nje kwa wiki moja tu. Mipango ya kuwasaidia ingekuwa nyepesi kama tungekuwa tayari na desturi ya kuwahesabu watu wa namna hiyo.

Ombi langu ni dogo, na muda bado upo. Kabla ya Agosti 2029, Kaunti ya Homa Bay na ya Migori, pamoja na kamati za usimamizi wa fuo, ambazo tayari huandikisha mitumbwi na wavuvi, zifanye hesabu yao ya majaribio ufuoni: mara moja wakati wa giza, mara moja wakati wa mwezi mkubwa. Waajiri walinzi, wachuuzi wa omena na vijana wa bodaboda kuwa wahesabuji, wawafundishe na wawalipe kama makarani wengine, maana usiku ni wao. Matokeo wayapeleke KNBS mapema, ili usiku wa mwezi mpevu wa 2029 ukija, ijulikane ni wangapi hupungua na wangapi huongezeka kwa sababu ya mwezi tu. Na wewe msomaji, ukisikia redioni kwamba wanaolala nje ni idadi fulani, uliza mambo mawili kabla ya kushangilia au kulia: walihesabiwa usiku gani, na aliyewahesabu alikuwa nani.